Rafiki yangu anasoma ujumbe wangu, kisha ananyamaza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mhasibu katika kampuni ya kusafirisha mizigo, nimeolewa na nina watoto wawili. Ninaishi Kibamba, Dar es Salaam. Ninakuandikia kuhusu rafiki yangu kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili hapa nyumbani hunijibu kwamba watu wazima hawanuniani kwa ajili ya simu, ilhali mimi ninaona kwamba tatizo si simu.

Tulifahamiana tulipokuwa wasichana wanaoanza maisha, wapangaji katika nyumba moja ya Sinza, kila mmoja na chumba chake. Nyumba ile ilikuwa na mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote, kwa hiyo haikuwezekana kukaa humo bila kusemezana. Tulichanga pesa za umeme, tulipokezana zamu ya kufagia uani, na maji yalipokatika tulibeba ndoo pamoja. Jiko langu la mkaa likiwaka, yeye hakuwa na sababu ya kuwasha lake. Nilipougua malaria hadi nikashindwa kusimama, ndiye aliyenipakia kwenye bajaji usiku wa manane; na yeye alipoachishwa kazi, tulikula chungu kimoja mpaka alipopata nyingine. Mama yake alipokuja kutoka Morogoro alilala chumbani mwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kitanda kikubwa, nami nilijibanza kwa binti yake.

Kisha nikaolewa na kuhamia huku Kibamba, ambako mume wangu alikuwa ameshanunua kiwanja. Naye alihamia Kigamboni, akafungua duka la nguo za watoto kule Kibada. Mwanzoni alinitumia ujumbe wa sauti karibu kila siku, mirefu, yenye vicheko na kelele za watoto wake, nami niliisikiliza ndani ya daladala nikitoka kazini. Siku hizi ninaandika, tiki mbili zinageuka bluu, halafu kimya. Baada ya siku mbili huja dole gumba, basi. Wakati huohuo stetasi zake hazikauki: magauni mapya ya dukani, wali alioupika, dua za asubuhi. Usiku ninapochungulia kabla ya kulala, ninakuta yuko hewani.

Lililoniumiza zaidi ni ugonjwa wa mama yake. Habari za mama kulazwa hospitali moja ya hapa mjini nilizipata kwenye stetasi, kwa picha ya mkono wenye dripu na maneno ya kumwomba Mungu amponye. Nilizipata saa ileile alipozipata mteja wake aliyenunua soksi mara moja akahifadhi namba. Nilimtumia shilingi elfu hamsini kwa simu siku hiyohiyo, pamoja na ujumbe wa pole. Akajibu, "Asante, ubarikiwe," kama wanavyojibiwa watu wa kundi la michango. Mama alipona na kurudi Morogoro, na hilo pia nililiona kwenye stetasi.

Baada ya hapo niliandika kwenye stetasi yangu kwamba wengine hukukumbuka wakiwa na njaa, na wakishiba husahau hata jina lako. Sikumtaja mtu. Jina lake lilikuwa miongoni mwa walioitazama, na hakusema neno. Sijutii, kwa sababu nilichokiandika ni kweli.

Mume wangu anasema nifute namba yake nipumzike. Binamu yangu anashauri nizime zile tiki za bluu ili nisiwe ninaona kinachoniumiza. Mimi ninafikiria kumwandikia ujumbe mrefu nimweleze yote, kuanzia Sinza hadi leo, kisha tuachane kwa amani. Nifanye lipi?

Mwenye kinyongo, Kibamba

*

Marahaba, binti yangu.

Nianze na tiki, kwa sababu umezifanya shahidi mkuu wa kesi yako, na shahidi huyo anajua mambo machache mno. WhatsApp ilileta tiki za bluu Novemba 2014, na kazi yake tangu siku hiyo ni moja: kueleza kwamba ukurasa wa mazungumzo yenu umefunguliwa katika simu ile. Hazielezi ni nani aliyeufungua, alikuwa anafanya nini, wala kama alipata nafasi ya kufika mwisho wa ulichoandika. Mwenye duka anayempimia mteja gauni, huku mtoto wake mdogo anachezea simu juu ya kaunta, hugeuza tiki zako bluu sawasawa na rafiki aliyesoma kila neno akaamua kukudharau. Hata neno la kwamba mtu yuko hewani halina maana kubwa kuliko kwamba programu iko wazi kwenye kioo chake wakati huo.

Zaidi ya hapo, mwenzako anauza nguo. Wateja wa maduka ya siku hizi huuliza bei, rangi na saizi kwa WhatsApp, na wengi huuliza usiku watoto wao wakishalala, kwa hiyo rafiki yako anapoonekana hewani saa nne za usiku, huenda bado yuko kazini. Yale magauni ya kwenye stetasi ni meza yake ya biashara, na huondoka yenyewe baada ya saa 24, ndiyo maana hulazimika kuyapanga upya kila siku. Wewe ukimaliza hesabu za ofisi unafunga kompyuta na kwenda nyumbani. Yeye chombo anachofanyia kazi na chombo anachoongelea nawe ni kimoja, na sishangai kwamba mtu aliyejibu wanunuzi kutwa nzima anaufungua ujumbe wa rafiki, anajiambia kwamba huyu si mteja, huyu atanivumilia, nitamjibu nikitulia, kisha usingizi unamchukua. Simtetei. Dole gumba baada ya siku mbili ni jibu la mkato, na una haki ya kuumia. Ninachokataa ni kusoma moyo wa mtu kwenye rangi ya alama.

Ushauri wa binamu yako hautakufaa. Ni kweli kwamba tiki za bluu zinaweza kuzimwa, lakini ukizizima zako huoni za wengine na wengine hawaoni zako, ilhali kwenye makundi na kwenye ujumbe wa sauti alama zitaendelea kuonekana kama kawaida. Utakuwa umeongeza giza kati ya watu wawili ambao tayari hawaonani.

Sasa nifike kwenye aya ya mama yake, ambayo nimeisoma kwa makini kuliko nyingine zote. Umeandika kwamba uliona kuwa amelazwa, ukatuma shilingi elfu hamsini na ujumbe wa pole, na kwamba rafiki yako alikujibu kama anavyojibu watu wa michango. Hukuandika kwamba ulikwenda. Hospitali ilikuwa ya hapahapa mjini, mgonjwa ni mama aliyelala kitandani mwako, na barua yako ina dripu, ina shilingi, ina dua, lakini haina wodi wala saa ya kuona wagonjwa. Kama ulikwenda ukasahau kuniandikia, nisamehe. Kama hukwenda, basi nadhani tumegusa mahali panapouma upande wa pili.

Sidharau pesa uliyotuma. Mwenye mgonjwa hospitalini huhitaji fedha mkononi kila saa, za dawa, za vipimo, za nauli, na elfu hamsini inayofika mara moja ni msaada wa kweli. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka uliofuata, tumeweza kumsaidia mtu aliye mbali kabla hata hatujamaliza kumpa pole, na ni wachache wanaotaka kurudi nyakati za kumtafuta dereva wa basi mwaminifu wa kumkabidhi bahasha. Lakini wepesi huo ulituletea na tabia mpya, ambayo ni kutuma pesa na kuhesabu kwamba tumeshafika. Kwa desturi zetu mgonjwa hujuliwa hali, na anayekuja kumjulia hali hukaa kwenye benchi, husogeza chupa ya chai, humshika mkono mwenye mgonjwa wakati daktari anapita. Watu wa kundi la michango hawatarajiwi kufanya hivyo, na ndiyo sababu hujibiwa "Asante, ubarikiwe." Mchango wako ulipita njia ileile uliyopita wao, ukiwa na maneno ya aina ileile, nao ukapokewa vilevile.

Unalalamika kwamba hakukupigia simu kukupa habari. Huenda alishindwa kuwapigia watu mmoja mmoja, akaandika mahali pamoja ili wa kwake waone waje, kisha akawa anatazama mlango wa wodi kuona nani ataingia. Siwezi kukuhakikishia kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa nimesoma barua ya upande mmoja tu. Ila kama ndivyo, basi kila mmoja wenu ana kinyongo juu ya tukio lilelile, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye aliyebadilika.

Nisikulaumu kupita kiasi, kwa sababu mji nao umechangia. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 4 na laki 3. Ile ya 2022 ikakuta wamepita milioni 5 na laki 3. Watu hao wote hawakupata vyumba Sinza. Walifuata viwanja vya bei nafuu pembezoni, kwenu Kibamba, kwao Kibada, Chanika, Chamazi, na marafiki waliokuwa wakitenganishwa na ukuta mmoja sasa wanatenganishwa na mji mzima. Nimeipima safari yenu. Kutoka Kibamba unashuka hadi Kimara, unapanda mwendokasi hadi Kivukoni, unasubiri pantoni, unavuka, kisha unatafuta daladala ya Kibada, na ukifika ni muda wa kuanza kufikiria kurudi. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, limewapunguzia taabu wenye magari, lakini wewe hukuniambia kwamba una gari. Mwanamke mwenye kazi ya ofisini, mume na watoto wawili hawezi kuifanya safari hiyo kila wiki, na sitakushauri uifanye.

Hata hivyo, umbali peke yake haukutosha kuwafikisha hapa. Soma tena ulivyoeleza maisha ya Sinza: hukutaja hata siku moja ambayo mlikaa mkaongea kwa ajili ya kuongea. Umetaja LUKU, ufagio, ndoo, jiko, malaria na chungu kimoja. Mazungumzo yalikuja juu ya kazi, mkiwa mmeinama, na kwa sababu hiyo hayakuhitaji kupangwa wala kujibiwa. Mlipohama, shughuli zote hizo zilikatika siku moja na hamkuweka nyingine mahali pake, bali mliiachia simu ibebe urafiki kwa maneno matupu. Maneno hayo yalitosha kwa muda, zile sauti za vicheko ulizosikiliza kwenye daladala, halafu yakapungua, kwa kuwa watu wasiofanya jambo lolote pamoja hubaki na kuulizana hali, na "mzima?" ina jibu moja tu.

Kuhusu ile stetasi yako ya njaa na shibe, hapa sitakubembeleza. Unasema hukumtaja mtu, lakini ulifungua orodha ya watazamaji kutafuta jina lake, kwa hiyo wewe mwenyewe unajua ulimlenga nani. Kina mama wa pwani wamesemana kwa kanga tangu zamani, na mimi napenda kijembe kilichotungwa vizuri. Lakini aliyejifunga kanga ya kijembe ilimbidi apite nayo mbele ya mlango wa anayesemwa, wakutane macho, na aliyesemwa aliweza kwenda dukani akarudi na kanga ya jibu, ugomvi ukaishia mtaani kwao. Yako uliipeleka kwa bosi wako, kwa mawifi zako, kwa muuza gesi na kwa kila aliyehifadhi namba yako nawe ukahifadhi yake, na nina hakika kwamba katika hao wapo waliojishuku bure. Halafu tazama ulichokiandika: ulimkumbusha njaa yake. Kile chungu kimoja cha wakati ule alipokosa kazi, ambacho kwenye barua unakitaja kama wema mliotendeana, kwenye stetasi ulikigeuza deni mbele ya watu. Ukimya wake baada ya kuisoma ninauelewa kuliko ukimya wake wote uliotangulia.

Kwa hiyo usimwandikie ule ujumbe mrefu. Maandishi ya namna hiyo husomwa kwa sauti ya msomaji, na yeye kwa sasa atakusoma kwa sauti ya ile stetasi. Atayasoma, tiki zitageuka bluu, nawe utaanza kuhesabu saa. Mpigie simu. Mwambie, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba maneno yale yalimlenga yeye, kwamba hakuyastahili, na kwamba unamwomba radhi. Usiongeze sababu. Kisha umuulize kama alikuwa anakungoja hospitalini, unyamaze umsikilize. Jibu linaweza kukuchoma, na litakuwa na manufaa kuliko yote uliyoyakusanya kwa kuchungulia simu usiku. Habari za tiki, dole gumba na saa za kuwa hewani usizitaje hata moja. Ukimwonyesha kwamba umekuwa ukimhesabia, atajitetea badala ya kukueleza.

Baada ya hapo, mpe shughuli, na shughuli ya kwanza iko wazi. Mama yuko Morogoro, amepona, na wewe bado hujamwona. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Morogoro mwaka 2024, safari hiyo haiwalazimu tena kulala huko: mnaondoka asubuhi, mnakaa na mama mchana, jioni mnarudi. Mwombe rafiki yako muende pamoja siku atakayoweza kumwachia mtu duka. Ndani ya behewa mtakuwa na muda mrefu wa kukaa bega kwa bega kuliko mliowahi kuupata tangu mhame, bila mteja na bila mtoto wa kuvuta kanga. Akisema hana nafasi, mwombe ruhusa uende peke yako, na uende kweli, kwa sababu mama huyo anakudai wewe mwenyewe salamu hata kama urafiki na binti yake ungekuwa umekwisha.

Ya pili ni Kariakoo. Mwenye duka la nguo Kibada lazima afuate mzigo Kariakoo, na Kariakoo ni nusu ya njia kwa kila mmoja wenu. Mwambie akuarifu siku anazokwenda, na mara mojamoja Jumamosi umkute huko, umsaidie kuhesabu, kubishana bei na kubeba mifuko. Wewe ni mhasibu. Huenda hata daftari lake la mauzo linahitaji jicho lako. Mkila chakula kwa mama ntilie kabla ya kila mmoja kushika njia yake, mtakuwa mmeongea zaidi ya mnavyoongea kwenye WhatsApp mwezi mzima, na simu itabaki na kazi inayoiweza vizuri, yaani kusema "nimefika, uko duka gani?"

Mumeo ana nia njema, lakini kufuta namba hakutakupumzisha. Kama stetasi zake zinakuumiza katika siku hizi za mwanzo, zinyamazishe. WhatsApp inakuruhusu kufanya hivyo bila yeye kujua na bila kukata mawasiliano. Ikitokea kwamba umeomba radhi, umemwona mama, umejitolea kwenda Kariakoo, na bado anakukwepa, basi mwache aendelee na maisha yake bila kumuaga kwa hotuba. Umtumie salamu za Idi au za Krismasi, uende kwenye misiba na harusi za kwao ukialikwa, na uishie hapo. Nafasi ya kurudi atakuwa nayo, na wewe hutakuwa unalinda mlango.

Usimpigie Jumamosi, maana siku hiyo muuza nguo hana pumzi. Jaribu Jumapili alasiri, ukiwa umekaa mahali patulivu na si ndani ya daladala, na upige simu ya kawaida ili bando lisiwakatie katikati ya neno gumu. Asipopokea, usimwandikie kumuuliza kwa nini. Mpigie tena Jumatatu akishafunga duka.

Shangazi yako